Zamu ya Mzee Alinanuswe Simkonda

Mzee Alinanuswe Simkonda alifariki dunia Jumatano, tarehe 9 Julai 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake hapa Mpemba, kaka yake Raphaeli akiwa amemshika mkono.

Marehemu alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Yotamu na marehemu Mama Marta, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha akajifunza useremala Tunduma. Mwaka 1975 alimfuata Raphaeli jeshini, na vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa 1978 ndugu hao walikwenda katika kikosi kimoja, Raphaeli akiendesha lori, Alinanuswe akiwa miongoni mwa waliopewa sepetu za kuwazika wenzao.

Walirudi mwaka 1979, wazima wa viungo. Raphaeli, ambaye awali hakuna aliyemweza kwa utani, alirudi mtu wa maneno machache. Alinanuswe alirudi akicheka kama zamani, hata watu wakasema vita havikumgusa, mpaka ulipotokea msiba wa jirani, akaingia kaburini kuchimba kama desturi yetu inavyotaka, na shimo lilipomfika kiunoni mikono ikagoma, akatolewa kwa kushikwa makwapa, na tangu siku ile hakuchimba tena.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Atupele, wakajaliwa watoto watatu, Gwantwa, Tabita na Erica, aliowasomesha kwa useremala wake.

Hapa kwetu mwanaume asiyechimba hachimbiwi. Maneno yalianza misibani, huyu akiuliza kama mikono yake ni ya sukari, yule akisema siku yake ikifika ajizike mwenyewe, na mwaka 1986 mtaa uliitisha kikao cha kumtenga. Raphaeli, aliyekuwa hajawahi kusimama mbele ya watu tangu arudi, alisimama akasema, "Jamani, huyu alishachimba ya kwake yote. Zamu yake nipeni mimi." Wazee walikubali, na kwa miaka thelathini Raphaeli alichimba zamu mbili, huku mdogo wake akipasua kuni za msiba na kubaki na wafiwa baada ya watu wengine kuondoka.

Mwaka 2016 nyonga ilimlaza Raphaeli, zamu ile ikakosa mtu, naye akakosa usingizi, kwa kuwa wengi waliomsikia kikaoni walikuwa wamekwishatangulia, na mdogo wake alikuwa tayari anaugua kisukari, ambacho Novemba mwaka jana kilifika kwenye figo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tunduma na Mbeya waliomhudumia bila kuchoka, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza hili, na waumini waliomtembelea kila Jumapili. Majirani, kwenu tunakosa neno la kutosha. Jana, kabla hatujapeleka taarifa kwa balozi wa nyumba kumi, vijana wa mtaa walifika na majembe yao, na Raphaeli alipojikongoja kwenda kuwaeleza habari ya zamu, mmoja wao alimsogezea kiti akamwambia, "Kaa tu, babu. Tulishaambiwa na baba zetu."

Kaburi lilikamilika leo saa nne asubuhi. Pumzika kwa amani, mdogo wake Raphaeli.