Kaloki Anachagua Kompyuta

Benchi la Abdulkadir liko katika soko la Kwa Vonza, kando ya ukuta wa duka la mbegu, na ukitaka kulikalia asubuhi ni sharti uwe na jambo la kubishania. Kahawa yake ya tangawizi ni kali, vikombe ni vidogo, na wenye benchi wana majina ambayo mama zao hawakuwapa. Yupo Transfoma, yaani Ndululu, aliyewahi kufanya kibarua cha kuchimba mashimo ya nguzo za stima kwa miezi minne, na tangu hapo hakuna jambo la umeme asilolijua. Yupo Spea, yaani Musyimi, muuza vipuri vya pikipiki. Na yupo Kaloki, wanayemwita Pampu kwa sababu miaka thelathini na moja alishusha pampu kwenye visima vya Kitui na Makueni mpaka mgongo ukakataa. Asubuhi hiyo Kaloki alikuja na karatasi. Spea alikuwa anaondoka kwenda Nairobi saa tano na pikapu yake, na karatasi hiyo ilikuwa iende naye ili anunue vilivyoandikwa. Kaloki alikuwa ameiandika na kuifuta siku tatu peke yake mezani, maana nyumbani kwake hakuna wa kumwonyesha tangu mkewe afariki na binti yao Mutindi aende Ujerumani kutunza wazee.

— Soma basi, Spea alisema. Nisifike huko niambiwe kitu kama hiyo haiko.

— Kompyuta ya game, Kaloki alisoma. Ile ya kuchagua vitu moja moja halafu wanakuunganishia. Prosesa, motherboard, RAM, graphics, power supply, feni, na box ya kuweka yote. Hapo mbele nimeacha nafasi. Sijui niandike za aina gani.

— Game? Transfoma akaweka kikombe chini. Wewe si una miaka sabini?

— Sitini na nane. Mutindi alinipigia Krismasi. Alisema akitoka kazi jioni anachezanga game na watu, kila mtu na kwao, lakini wanaongea wakicheza. Saa zingine masaa matatu.

Hakuwaambia kwamba simu yenyewe ilikuwa ya dakika nne. Tangu siku hiyo alikuwa anawaonea wivu watu ambao hata majina yao hayajui.

— Kwa hivyo unataka kucheza na yeye, Abdulkadir alisema taratibu.

— Nataka aingie hapo jioni moja anipate. Sitaki ajue mapema.

Basi wenzake wakafanya wanachokiweza, yaani wakaanza kubishana.

— Kitu ya kwanza ni power supply, Transfoma alisema. Stima ya hapa inakuja ikijiskia, inaenda ikijiskia. Andika ile kubwa kabisa, ile inaweza kuzungusha posho mill isage mahindi.

— Posho mill ya nini na ni kompyuta? Spea alimkata. Mimi kila siku mtu anakuja kwa duka anataka engine kubwa. Namwambia, bwana, hapa kwetu kitu inaua pikipiki ni vumbi. Pampu, andika feni sita.

— Sita?

— Mbili mbele, mbili nyuma, moja juu, na moja unaweka kwa kabati ile siku moja itaharibika.

Kaloki aliandika: feni sita.

— Na RAM?

— RAM ni kama viti, Spea alisema. Wewe na Mutindi ni viti viwili. Na wale marafiki zake? Andika thelathini na mbili, wote wakae.

Kaloki aliandika thelathini na mbili.

— Hizo feni ni bure tu, Transfoma alirudi. Na hii joto zitapuliza moto ile ile. Umewahi kuona transfoma ya stima ikiwa na feni? Inakaa juani mwaka mzima. Ndani ni oil. Unachukua kompyuta, unaitumbukiza kwa drum ya oil, kwisha. Hata box hautahitaji.

— Na mimi nitaonaje game ikiwa ndani ya drum?

— Skrini inabaki nje, mzee. Usinichekeshe.

Abdulkadir, ambaye kwa kawaida humimina tu na kusikiliza, alitikisa birika lake.

— Drum ya nini na Mbooni iko na baridi ya bure? Wekeni hiyo mashine kwa shemeji yake Pampu huko milimani, halafu mvute waya mpaka hapa.

— Waya kutoka Mbooni mpaka Kwa Vonza? Transfoma aliuliza.

— Wewe si umesikia Mutindi anacheza na watu wako mbali? Hiyo waya yao ilifika Ujerumani namna gani?

Transfoma aligeuza maneno kuwa utani.

— Lakini dunia hii. Mtoto anaenda mbali kutunza wazee wa watu, na mzee wake anamtafuta kwa game.

Spea na Abdulkadir walicheka. Kaloki aliangalia karatasi yake na hakuinua kichwa. Maneno yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli, na Transfoma hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Ndipo akaja Tima, mwanamke wa Mwingi aliyefungua cyber, duka la intaneti, ng'ambo ya barabara wiki hiyo hiyo. Hakuwa amepewa jina la benchi bado.

— Habari za asubuhi, wazee. Abdulkadir, nipe ya shilingi kumi.

— Njoo, umetumwa na Mungu, Spea alisema. Wewe ni mtu wa kompyuta. Angalia hiyo list kabla niende. Mzee anataka kucheza na binti yake huko Ujerumani.

Tima alisoma karatasi yote, wakamweleza feni, viti na posho mill. Hakucheka.

— Ni ya game gani, mzee?

— Ya kompyuta.

— Sawa, lakini ziko nyingi. Kuna zingine zitacheza hata kwa zile mashine zangu za cyber. Kuna zingine hii yote mmeandika haiwezi. Na kama si game moja, hamtapatana hata mkinunua ya dhahabu. Binti yako anacheza gani?

Kaloki alimwangalia Transfoma. Transfoma aliangalia kahawa yake.

Zamani mtu akimjia Kaloki amshushie pampu, swali lilikuwa moja kabla ya mengine yote: kisima kina futi ngapi? Asiyejua alirudishwa nyumbani na kamba akapime. Kuna mwalimu wa kule Salama alifika na pampu mpya juu ya lori, hajapima kisima, na Kaloki alimtania mbele ya mafundi hadi mwalimu akajikalia pembeni. Sasa aibu ile ile ilimshika yeye. Mwalimu alisahau kupima shimo. Yeye alikuwa hajamuuliza mtoto wake anapenda nini.

— Nitamuuliza, alisema.

— Muulize sasa, Spea alisema. Niko hapa mpaka saa tano.

— Labda yuko kazini.

— Anaingianga saa ngapi? Tima aliuliza.

Hilo nalo hakulijua. Alitoa simu, akatafuta jina lililoandikwa Mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba. Mutindi alirithi jina la mama yake Kaloki, na tangu azaliwe baba yake hajamwita vingine. Aliandika kwa kidole kimoja, na siri yake ikaishia hapo: Mwaitu, ile game unachezanga inaitwa aje? Nanunua kompyuta tucheze na wewe.

Abdulkadir alikuwa bado anasuuza vikombe jibu lilipoingia. Kaloki alilisoma mara mbili, kisha akampa Tima simu alisome kwa sauti, kwa sababu alitaka kulisikia kwa sauti ya mwanamke.

— "Baba, niliacha tangu mwezi wa pili. Wale tulikuwa tunacheza nao waliacha kuingia mmoja mmoja. Siku hizi nikitoka kazi nalala tu."

Spea alichukua funguo za pikapu, akazirudisha benchini.

— Hizo feni sasa niache? aliuliza kwa sauti ya chini.

Kaloki alikuwa ameshasimama, ameelekea pale mbele ya duka la mbegu ambapo simu hushika vizuri. Walimwona mgongo tu. Simu iliita muda mrefu, kisha wakamsikia.

— Mwaitu, usikate. Sina jambo. Nilitaka tu tukae.