Nilisema Vile ni Vichuguu

Sogeeni, wapwa zangu, Wilfred na wewe Veronika, sogeeni hadi kitandani, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Wanangu wa kuzaa wana ukoo wa mama yao, nimekwisha kuwaaga. Ninyi mmetoka tumbo la dada yangu Paskalia, ukoo ni wenu, na aibu ninayoiacha ni yenu.

Shamba la migomba ligawaneni kwa kufuata mfereji. Midalasini ni ya Veronika, ndiye aliyeipalilia. Hayo ni madogo.

Kubwa ni lile bwawa. Mnayakumbuka yale matuta saba bondeni, walimolala bibi zetu wa kwanza, na lile jiwe refu lenye alama zilizochongwa, ambazo hata babu yangu hakujua kuzisoma. Walipokuja watu wa kuhesabu makaburi ili yahamishwe kabla ya maji, waliniuliza mimi, mkuu wa ukoo: “Mzee, na yale ni makaburi?” Nikajibu: “Hapana, vichuguu tu.” Nililelewa nikiambiwa kwamba mahali pa tambiko mgeni haonyeshwi, nikadhani nawalinda wazee wetu. Paskalia akanishika koti akilia, “Kaka, sema, utawaua mara ya pili!” Nikamfokea mbele za watu. Mpumbavu mimi! Makaburi ya jirani zetu yalihamishwa kwa sala na sanda mpya. Ya kwetu maji yaliyapanda mchana kweupe nikitazama, na lile jiwe likabaki kichwa tu siku mbili, kisha halikuonekana.

Dada yenu… mama yenu, hakuniita kaka tena mpaka tulipomzika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami leo naumbuka. Msiwachukie wale watu wa bwawa. Wao waliuliza, mimi ndiye niliyedanganya. Nisameheni, wanangu, kwa niaba yake.

Nizikeni ubavuni mwake, kama mtaona nastahili. Wekeni saruji, andikeni jina, padre ajue, mtendaji wa kijiji ajue. Mungu awape uzazi, awape mvua ya kiasi, asiwatenganishe kwa neno kama… ngojeni, pumzi… Nishike mkono, Wilfred.

Na siku wageni wakija tena na karatasi zao, wakauliza kama pale pamelala mtu… msinyamaze. Semeni… semeni ni mjomba wetu.