Mguu wa Kulia wa U Tun Shein

Kibanda cha chai cha Daw Mya Sint kimesimama juu ya nguzo katika ziwa Inle, na benchi lake la mbele linatazama maji. Birika la chai ya kijani hapo ni la bure na haliishi, kwa hiyo maneno nayo hayaishi. Asubuhi ile walikaa watatu. Kulikuwa na Redio, aitwaye hivyo kwa sababu hazimiki. Na Bonge, fundi wa mashua. Na katikati yao U Tun Shein, ambaye kwa miaka thelathini na moja alipiga kasia katika mashua ya kijiji kila sikukuu ya hekalu. Hupiga kama wanaume wote wa ziwa hili: mguu mmoja umesimama, wa pili umejizungusha kwenye kasia. Sikukuu ilikuwa kesho kutwa, nahodha wa mashua hiyo alitaka majina ya wapiga kasia kabla ya adhuhuri, na goti la kulia la Tun Shein lilikuwa limevimba kama andazi.

— Likinyooka halina neno, alisema. Nikilikunja tu, naona nyota.

— Basi mwaka huu kaa hekaluni na akina mama, ule wali, Bonge akamwambia. Umepiga kasia vya kutosha.

Tun Shein akalisugua goti. Alijua nafasi yake ikikaliwa mara moja, hairudi.

— Nani kasema anaacha kupiga kasia? Redio akadakia. Mke wangu anakoroga tofu, ule uji mzito wa dengu, kwa kasia la marehemu baba yake. Yule hapigi kasia?

— Yule anakoroga.

— Anakoroga kwa nini? Kwa kasia! Na sisi tukiyachapa maji ili samaki wakimbilie wavuni, mashua imetulia tuli, hatupigi kasia?

— Hapo sawa, tunapiga.

— Ahaa! Basi na anayefukuza mbwa kwa kasia, anapiga kasia.

— Huyo anapiga mbwa, kaka.

— Na bata je?

Bonge akafikiri.

— Bata anapiga. Tena bata ndiye aliyewafundisha babu zetu kutumia mguu.

— Muongo! Babu zetu walitumia mguu ili mikono ibaki ya kubishania. Nitazame mimi.

— Na mimi nikikutandika kasia kichwani, Daw Mya Sint akauliza kutoka jikoni, hiyo nayo niiteje?

— Iite mapenzi, shemeji!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Tun Shein naye alicheka. Aliona jinsi wenzake wanavyolitanua neno 'kupiga kasia' ili naye apate pa kukaa ndani yake, akawashukuru kimoyomoyo. Lakini hakutaka kukaa ndani ya neno. Alitaka kusimama ndani ya mashua.

Kwenye meza ya pili alikuwepo mwalimu mpya, Ei Phyu, binti wa mjini aliyekuwa na wiki mbili tu hapo ziwani, akisubiri mtumbwi wa kwenda shuleni.

— Samahani, wazee wangu. Wanaosimama upande wa kushoto wa mashua wanatumia mguu gani?

— Wa kushoto, binti yangu, Tun Shein akasema. Mguu wa nje. Mimi ni wa kulia.

— Sasa kwa nini usihamie kushoto? Huo wa kulia si utausimamia tu, umenyooka?

Redio akafungua mdomo, akaufunga. Daw Mya Sint akachungulia kutoka jikoni. Bonge akaitazama miguu yake mwenyewe kana kwamba ameikuta pale. Mtu hupewa upande akiwa mtoto, akazeeka nao. Hakuna aliyekataza kuhama. Hakuna aliyewahi kuuliza.

— Haijawahi kutokea, Bonge akasema mwishowe.

— Kwa nini?

Birika likapita mikono yote mitatu.

Tun Shein akainuka, akashuka ngazi, akaingia kwenye mtumbwi wake na kuuviringisha mguu wa kushoto kwenye kasia. Mtumbwi ukazunguka duara zima. Ukaja kwao, ukawapa mgongo, kisha ukakata shauri na kujitosa katika bustani ya nyanya ya jirani, inayoelea majini kama zote za hapa.

— Umeumia? Bonge akapiga kelele.

Majani yakatikisika, kichwa kikachomoza.

— Goti halijaniuma hata kidogo! Redio, kimbia kwa nahodha! Mwambie aniandike kushoto! Na habari za hizi nyanya usimwambie!