Bi Asmahan Haidari, Mfua Kofia za Kirumi wa Nechells

Bi Asmahan Haidari Salim alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Haidari, fundi wa majiko, na Bi Kijakazi. Alisoma Darajani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978. Walimu walimlalamikia jambo moja tu: hakukubali kuambiwa "basi, inatosha."

Mwaka 1984 aliolewa na Bwana Hafidh Jaffar, dereva wa basi, akamfuata Birmingham, Uingereza, wakakaa mtaa wa Sparkhill. Mola akawajaalia watoto wawili.

Mwaka 1991 aliajiriwa na Bwana Surinder, mwenye karakana ya vyuma mtaani Nechells. Miaka kumi baadaye, watu wanaoigiza vita vya kale viwanjani walipoagiza kofia za chuma kama za askari wa Kirumi, Asmahan ndiye aliyesema, "Nipe mimi." Ya kwanza alimvisha mumewe jikoni, ikamkwama masikioni, hata ikatolewa kwa mafuta ya nazi. Zilizofuata ziliwakaa watu vizuri, na jina lake likaenea.

Jumamosi, tarehe 19 Agosti 2006, kwenye onyesho nje ya mji, kofia aliyoifua ilipasuka kwa pigo la upanga butu. Kijana aliyeivaa alipelekwa hospitali, damu imemjaa machoni. Simu ilimfikia Asmahan jioni.

"Kosa ni la mkono wangu au la chuma?" alimuuliza Surinder.

Kofia nne zilizofuliwa kwa bamba lile lile la chuma zilikuwa zivaliwe kesho yake.

Jumapili Hafidh alimpeleka kwenye onyesho. Watazamaji walikwishakaa, tarumbeta zinalia. Msimamizi alimzuia kwenye kamba iliyozunguka uwanja.

"Bibi, huruhusiwi kuingia. Utatuharibia siku."

"Wavueni kofia zangu kwanza."

"Na kama ni nzima?"

"Nitaomba radhi mbele ya wote hawa."

Akainama, akapita chini ya kamba. Hafidh alimwita, hakugeuka. Wanaume wanne wakavua, mmoja wao kanuna. Akaiweka kofia ya kwanza juu ya nguzo ya uzio, akaipiga nyundo. Ililia tu. Ya pili vile vile. Watu wakaanza kucheka. Ya tatu ikafunguka kutoka paji la uso hadi kisogoni.

Mwenye kuivaa alikaa chini majanini, kashika kichwa. Asmahan akaipiga na ya nne. Ikapasuka.

Ilibainika bamba lilikuwa na kasoro. Yeye alisema kulichunguza kulikuwa juu yake. Kwa miezi mingi hakuna aliyeagiza kitu. Alikuwa akienda mtaa wa Great Barr kumjulia hali kijana aliyeumia, na mwaka 2007 kikundi kile cha waigizaji kiliporudi kuagiza, kijana yule ndiye aliyetaka kupimwa kichwa kwanza kwa kofia mpya.

Februari 2009 aligundulika ana saratani ya ini. Aliwauliza madaktari maswali mpaka wakavuta viti wakakaa. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 6 Novemba 2009, Hafidh alikuwa ameshuka kuhamisha gari nje ya hospitali.

"Baba yako yuko wapi?" alimuuliza binti yake, Shemsa, kwa tabu.

"Anapanda ngazi, Mama."

"Mwambie asikimbie."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho.

Ameacha mume, Bwana Hafidh. Watoto, Shemsa na Haidari. Na mdogo wake, Thuwaiba, anayeusoma wasifu huu. Bwana Surinder yuko nasi hapa tangu alfajiri.

Mola amsamehe, ampanulie kaburi lake, na sisi atujaze subira.