Parinaz Alipoomba Ruhusa

Kwenye basi la Tehran, upande wetu wa wanawake, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa ameishika simu kama anatafuta wa kumpiga nayo.

"Mwanangu, unatumia VPN gani?" alimuuliza msichana aliyekaa naye, akimaanisha programu ya kupenya mtandao uliofungwa na serikali. "Yangu ya kununua imenitupa jana."

"Ya bure, mama."

"Za bure zinapekua hadi picha zako."

"Zipekue tu. Nina picha za paka."

Mama hakucheka. Akaeleza kwamba jana binti yake Parinaz aliolewa Hamburg, Ujerumani, naye mama alikuwa akitazama kwenye simu. Sheikh aliuliza mara ya kwanza kama anakubali ndoa, na kwa desturi yetu ya kumsubirisha, wanawake wakajibu bibi harusi kaenda kuchuma maua. Mara ya pili, kaenda kuleta maji ya waridi. Mara ya tatu ndiyo anayojibu mwenyewe, na hapo simu ikakwama.

"Labda uliizima VPN ufungue benki," msichana alisema. Sote huizima, maana programu ya benki haifunguki VPN ikiwa imewashwa, kisha tunasahau kuiwasha.

"Na kama niliizima? Naiba nini mimi? Kumwona mwanangu akiolewa, mpaka nipitie dirishani kama mwizi?"

"Watakutumia video."

"Video haiombi ruhusa. Dada yake anasema alitamka, 'Kwa ruhusa ya mama yangu,' akaitazama simu, akanisubiri. Mimi huku naona duara linazunguka."

Basi likasimama. Msichana akainuka, akasita mlangoni. "Sasa ulimjibu?"

"Nilijibu," mama alisema. "Nililiambia duara."