Samaki Thelathini na Mmoja wa Mzee Lazarus Okinyi

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa mtaa wa Jamhuri na jamaa mliosafiri, familia imeomba maisha ya mzee wetu Lazarus Okinyi Were yasomwe yote mbele yenu, pamoja na siku yake ya mwisho ya kuvua, kwa sababu mengi yamesemwa mtaani kuhusu siku hiyo na mengine si kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 karibu na Usenge, Siaya, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Were na marehemu Mama Dorsila. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akaimaliza mwaka 1971, na mwaka 1975 akamaliza kidato cha nne. Likizo zote alizitumia ziwani na mjomba wake, aliyemfundisha ndoana, nyavu, na desturi moja ambayo hakuiacha hata alipokuja mjini. Ikifika mwezi wa nane au wa tisa, upepo ukageuza maji ya ziwa, kuna asubuhi samaki hupanda juu wenyewe wakihema, midomo wazi, wakaokotwa kwa mikono. Kwa mjomba wake, samaki wa namna hiyo hawakuhesabiwa kuwa wamevuliwa, wamejileta, na aliyewaokota hakuruhusiwa kuwauza wala kuwaweka peke yake. Alipaswa kumla mmoja palepale ukingoni, kisha awagawie walio karibu naye mpaka waishe. Marehemu aliwala samaki hao utoto wake wote, na hakuna aliyewahi kuumwa.

Alifika Nairobi Februari 1977, akafanya vibarua vya mjengo, na tarehe 4 Julai 1983 akaajiriwa fundi wa mabomba katika hospitali moja ya Parklands, alikofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2017, miaka thelathini na tatu na miezi tisa kasoro siku chache. Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na Mama Peres, wakajaliwa Emmah mwaka 1986 na Maxwell mwaka 1990, na wajukuu wanne.

Baada ya kustaafu alikwenda kila Jumamosi na ndoana yake kwenye bwawa lililo mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, akarudi na tilapia wawili au watatu, mara nyingine mikono mitupu, na Mama Peres akimcheka alijibu kwamba maji hayana haraka.

Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025 alifika bwawani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki nyingi, maji yalikuwa yamepungua, na samaki walikuwa wamejaa juu wakihema. Aliacha ndoana, akakunja suruali, akaingia majini hadi kiunoni, akaokota thelathini na mmoja. Mmoja alimchoma ukingoni akamla, kama alivyofundishwa. Alipitia maduka ya Adams Arcade kununua magazeti ya zamani ya kuwafungia, na hapo mwanamke mmoja mwenye sweta ya kijani, amebeba mtoto mgongoni, alimsimamisha.

"Samaki ni pesa ngapi, mzee?"

"Hawa hawauzwi, mama, wamejileta wenyewe. Chukua huyu."

Alimpa tilapia mkubwa kuliko wote, yule mama akashukuru, akasema mtoto wake anapenda supu, akaenda zake.

Nyumbani aligawa samaki watatu watatu kwa nyumba tisa, wakawa ishirini na saba, na wawili akampa Kitavi, mlinzi wa lango letu. Saa nane na nusu mchana alirudi bwawani kuchukua ndoana aliyoisahau. Kule kwao, siku samaki wakipanda, ndege hula mpaka wakashindwa kuruka. Hapa alikuta yangeyange kumi na wanne wamelala matopeni, shingo zimepinda, mmoja bado ana samaki mdomoni. Aliuambia moyo wake kwamba huenda ni jua. Kisha akaona mbwa kando ya moto wake wa asubuhi, pale alipotupa mifupa, naye mbwa alikuwa amekufa.

Haya aliyasimulia mwenyewe baadaye, na alisema hakuifikiria nafsi yake, alifikiria saa, kwamba ni Jumamosi na majiko yatawashwa mapema. Alikimbia, mtu wa miaka sitini na minane, akafika langoni saa tisa na dakika arobaini jasho likimtiririka, mate yakimtoka bila yeye kuyahisi. Kitavi alikuwa bado hajala wake. Aliwatupa, akamshika mzee mkono, wakaanza kupiga hodi.

Nyumba ya kwanza walirudisha. Ya pili, Mzee Ndungu alicheka mlangoni.

"Okinyi, umesikia harufu tamu ndio unazitaka tena?"

"Umekula?"

"Bado. Lakini wewe leo umekunywa, mzee. Ona macho."

Marehemu hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe mwaka 1981. Hakubishana, alipita ndani hadi jikoni, akawatoa samaki kwenye sufuria, na Mzee Ndungu, ambaye yuko nasi leo, ameomba isomwe kwamba alikasirika na kumsukuma, na kwamba anaomba msamaha. Nyumba ya tano hawakufungua, wakidhani ni mlevi, mpaka Kitavi alipopiga dirisha kwa rungu. Nyumba ya tisa, kwa Mama Debra, meza ilikuwa imeandaliwa na watoto wamenawa.

"Baba Emmah," Mama Debra akamwambia, "zawadi ukipeana huwezi kuja kuitoa kwa mdomo ya watoto. Hiyo ni matusi."

Marehemu alitaka kumjibu, ulimi ukakataa. Alivuta kitambaa cha meza, sahani zote zikaanguka, naye akaanguka juu yazo. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Ndani ya saa moja na dakika tano alikuwa amezuia samaki ishirini na tisa, na hakuna mtu wa nyumba zile, mkubwa wala mdogo, aliyeonja hata kipande.

Alilazwa jioni hiyo. Madaktari walisema ni sumu, iliyoingia kwa chakula na kwa ngozi, kutoka maji yale. Ilifikaje bwawani hatujui, maji yamechukuliwa kupimwa na majibu bado. Siku nne hakusema. Siku ya tano alifumbua macho, na Mama Peres akamhesabia nyumba zote, jina kwa jina, kwamba wako salama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wa Adams?"

Hapo ndipo familia ilipojua kwamba kuna mama mwingine aliyepewa samaki. Tangu alasiri hiyo Emmah amesimama Adams Arcade kila siku. Amesimamisha wanawake watatu wenye sweta za kijani, hakuna aliyekuwa yeye. Tumeuliza hospitali, zahanati, makanisa na ofisi ya chifu. Kila Emmah aliporudi wodini marehemu alimtazama usoni kabla hajaketi, na kila mara Emmah alitikisa kichwa. Maxwell alimwomba dadake adanganye, aseme tu amepatikana. Emmah alijaribu mara moja. Marehemu akamuuliza jina la mtoto, naye Emmah akarudi Adams.

Alifariki Jumatano tarehe 24 Septemba 2025, saa tatu asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku kumi na moja, mafundi wenzake wa Parklands waliochangia damu na usafiri, majirani wa nyumba zote tisa waliokesha nasi, na Kitavi, ambaye hakumwachia mkono.

Tunaomba pia jambo moja. Yule mama wa sweta ya kijani, au yeyote anayemfahamu, afike nyumbani kwetu Jamhuri wakati wowote. Hataulizwa lolote wala hatalaumiwa. Tunataka kujua tu kama mtoto yuko hai.

Mtakaosafiri, basi linaondoka hapa saa saba kwenda Usenge, na mazishi ni kesho kutwa. Wengi mmeuliza alipo kifungua mimba wetu siku kama ya leo. Alimuaga baba yake alfajiri, chumba cha maiti, na sasa hivi amesimama Adams.

Pumzika kwa amani, Mzee Okinyi. Emmah bado anamtafuta.