Kode Zilizokuwa Zinakwenda Kaburini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Semeni amina kwa nguvu, maana leo sikuja na machozi. Nimekuja na hasira. Mchungaji ameniambia niitoe ilivyo, Mungu anaifahamu, basi mnivumilie nikipaza sauti.

Mimi ni Mama Josée. Wengi wenu mmenunua kwangu buti na kaske, zile kofia ngumu za mgodini, katika duka letu la mavazi ya kazi, pale kwenye barabara ya kwenda Musonoi. Tulilianzisha mimi na marehemu mume wangu, Célestin, kwa meza moja ya glavu tuliyoiweka chini ya bati. Mungu akabariki. Makampuni madogo yanayofanya kazi migodini yakaanza kuja, na hayo hayataki karatasi ya mkono. Yanataka faktire, ile ankara iliyotoka kwenye mashine ya kompyuta, yenye namba inayofuata ile ya jana. Ndipo tukanunua programu ya hesabu, ile inayokaa kwenye mtandao na unaingia kwa neno la siri.

Sikieni jambo hili, ndugu zangu, maana hasira yangu inaanzia hapo. Siku bwana wa kuiweka kwenye mashine alipokuja, aliyekaa kwenye kiti ni mimi. Vidole vilivyokuwa juu ya vibonyezo ni vyangu. Yeye akanipita kwa macho kana kwamba mimi ni pazia, akamwuliza kwa heshima Célestin aliyesimama mlangoni: "Tata, namba ya simu ya mwenye duka?" Célestin akataja yake. Basi! Mimi niliyeandika mauzo ya kila jioni kwa miaka yote, mimi niliyejua idadi ya kila salopeti, ile ovaroli ya kazi, kwenye rafu, kwa mashine hiyo sikuwa mtu. Wakati ule nilicheka tu, maana mume wangu alikuwa hai na simu yake ilikuwa juu ya meza yetu.

Kisha Célestin akaugua, na hakuchukua muda. Kwa desturi ya upande wao, wanaume wa ukoo ndio waliomvisha na kumlaza katika sanduku, na sisi wanawake tulibaki nje kwenye mikeka. Nilipouliza simu yake iko wapi, kaka yake mkubwa, Tata Mulumba, alikuja akainama mbele yangu, macho mekundu, sauti ya upole kabisa.

"Mama, simu na miwani yake tulimutiyia mu sanduku. Alikuwa anabipenda. Tulimuzika nabyo."

Nilimshukuru! Ndugu zangu, nilimshukuru mtu yule! Mjane aliye kwenye mkeka habishani. Wiki ile ile nilipiga namba ya Célestin mara moja tu, nikaambiwa haipatikani. Sikupiga tena. Nani anapiga simu kaburini mara ya pili?

Duka niliendelea nalo. Mashine yetu ya zamani ilikwisha kunizoea, nikiandika neno la siri inafungua. Lakini siku moja umeme ulikatika, uliporudi ukarudi kwa kishindo, na mashine ikaungua. Kaka yangu wa Lubudi akaniletea nyingine. Nikaandika neno la siri lile lile. Likakubaliwa. Halafu programu ikaniandikia kwamba haiijui mashine hii, hivyo imetuma kode, yaani tarakimu sita, kwenye simu ya mwenye akaunti, na niziandike hapo ndipo ifungue. Chini yake zikaonekana tarakimu mbili za mwisho za namba ya Célestin.

Nilikaa nikiitazama. Kode imekwenda kwa mume wangu, na mume wangu yuko chini ya udongo.

Nikaita mafundi. Wa kwanza akafuta vitu ambavyo sikumwomba afute. Wa pili akasema neno la siri limechoka, akanibadilishia jipya, tukarudi kwenye ukurasa ule ule. Wa tatu akabahatisha kode kichwani mwake mpaka programu ikakasirika na kutufungia nje kabisa kwa siku nzima. Kila mmoja aliomba nauli ya pikipiki. Hakuna hata mmoja aliyesoma maneno yaliyoandikwa mbele yake! Yalikuwa wazi, tena kwa Kifaransa walichosoma shuleni.

Nikapiga kwa wenye programu. Bibi mmoja, sauti tamu, akaniambia mwenye akaunti awapigie yeye mwenyewe. Nikamwambia amekufa. Akasema, "Pole sana, madame. Basi aandike barua pepe kutoka kwenye anwani yake." Naapa sikumtukana, lakini si kwa uwezo wangu, ni Roho Mtakatifu aliyenishika ulimi.

Nikaenda kwa watu wa simu, nikaomba wanirudishie namba ya marehemu kwenye kadi mpya ya simu. Wakasema inawezekana, ila msemaji wa ukoo atie sahihi. Na msemaji wa ukoo ni nani? Ni Tata Mulumba. Nilimfuata nyumbani kwake, nilimfuata kazini, nilimvizia hata hapa nje ya kanisa. Jibu lake lilikuwa moja, nirudi wiki ijayo. "Wiki yenye kuya, Mama. Wiki yenye kuya." Na tabasamu juu!

Wakati huo wateja wakaanza kupotea. Watu waliokuwa wakichukua buti kwangu kila mwezi, kimya. Nikadhani wamechoka kungoja faktire. Halafu yakaja maneno ya mtaani. Kwamba mke wa Célestin anamtumia mfu mesaji. Kwamba kila nikibonyeza ile mashine, simu inalia kule ndani ya sanduku, na marehemu hapati usingizi. Msicheke! Mlioko hapa, wengine mliyasema hayo, nawajua kwa majina. Wamama niliosali nao waliacha kununua kwangu. Mtumishi mmoja wa kupita akaja dukani bila kuitwa, akasema roho ya mume wangu imezuia kode, akamwagia vibonyezo mafuta ya maombi. Roho haikutoka, lakini herufi A mpaka leo inanata!

Wafu hawana mtandao, ndugu zangu! Biblia inasema wafu hawajui neno lolote. Sisi tunaoisoma kila Jumapili ndio tuliokubali kwamba maiti anapokea tarakimu sita.

Sasa ukoo ukaitisha kikao. Tata Mulumba alikwisha kuwaambia kwamba duka linakufa mikononi mwangu, na bora likabidhiwe kwake. Kama ningeshindwa siku hiyo, duka lingeondoka, na mimi na watoto wangu tungekula kwa huruma yake. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, na nilisali hapo hapo mbele ya sufuria, bila kufumba macho, kwa hasira. Nilisema: Bwana, wewe unaona kode hizi zinakwenda wapi. Mimi sioni. Nionyeshe, nimechoka! Hiyo ndiyo ilikuwa sala yote, haikuwa na hata amina.

Tulikutana sebuleni kwangu. Aliyeongoza kikao ni shangazi wa marehemu, Mama Kapinga, mama wa mvi, ambaye neno lake katika ukoo ule halirudiwi. Tata Mulumba akasimama ndani ya koti lake la sherehe.

"Duka ni ya ndeko yangu Célestin. Huyu mama hawezi hata kufungua masini. Ba-client bote banakimbia. Munipatie mi niichunge, na batoto nitabalisha."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mama Kapinga akanigeukia. "Mwanangu, ni kweli haiwezi kufunguka? Fungua hapa, tuone na macho yetu."

Nikaileta mashine mezani. Nikaandika neno la siri. Maneno yale yale yakatokea, kwamba kode imetumwa.

Na ndani ya koti la Tata Mulumba kitu kikalia. Ti-ti!

Hakuna aliyejali. Simu za watu hulia. Mimi mwenyewe sikujali, nilikuwa nawaeleza wazee kwamba kuna kitufe cha kuomba kode itumwe tena, nikakibonyeza ili waone kwamba haisaidii.

Ti-ti!

Mama Kapinga akainua mkono, akatega sikio. "Finya tena," akaniambia.

"Shangazi, ni mesaji ya promotion tu," akasema Tata Mulumba, na mkono wake ukaenda mfukoni.

"Wewe, acha mikono yako hapo. Mama Josée, finya!"

Nikabonyeza. Ti-ti! Haleluya, ndugu zangu! Mtu aliyeficha jambo kwa ustadi wote ule, siku ya kikao alisahau kuzima sauti! Mniambie nani aliyemsahaulisha!

Mama Kapinga aliondoka kitini polepole, akasimama mbele yake.

"Mulumba. Mulituambia mulimuzika na simu. Sasa Célestin anatokea mu mufuko yako?"

Alitoa simu. Ilikuwa yake mwenyewe, ya laini mbili, na laini ya pili ilikuwa kadi ya mume wangu, aliyoichomoa kabla ya mazishi. Mama Kapinga akanikabidhi. Nikafungua mesaji, na kode zangu zote zilikuwemo, zimepangana, kila asubuhi niliyolia mbele ya ile mashine. Alikuwa akizipokea! Mimi nafunga na kuomba, yeye anazitazama zikiingia na kuendelea kula! Na chini yake simu na mesaji za wateja wangu, wale niliodhani wamenichoka. Walikuwa wanapiga namba wanayoijua, naye anawaandikia kwamba duka limehamia kwake, waje wachukue buti nyumbani.

Nikaandika tarakimu sita za mwisho. Programu ikafunguka. Na juu kabisa, kama zamani, ikaandika: "Bonjour, Célestin."

Hapo ndipo nililia. Hasira ilikuwepo, lakini ile salamu ilinivunja, maana kwa muda mrefu hakuna aliyelitaja jina lake ndani ya nyumba ile bila kutaka kitu chake. Wazee waliinamisha vichwa. Mama Kapinga alisema maneno machache: duka ni la mama wa watoto, kadi inabaki kwake, na asiyekubali aondoke sasa. Tata Mulumba alitoka na koti lake. Jambo la kwanza nililofanya, kabla ya kutengeneza hata faktire moja, niliingia pale panapoulizwa namba ya mwenye duka, nikaweka yangu.

Mchungaji ananiambia nimsamehe. Nitamsamehe, Mchungaji. Si leo.

Namshukuru Mungu, ambaye hakuniletea malaika wala ndoto, aliniletea ti-ti. Namshukuru Mama Kapinga. Wewe uliyefungiwa mlango na mtu anayekuja kukupa pole, usikubali kuambiwa ni roho, wala usione aibu kumlilia Mungu ukiwa umekasirika. Mtegemee, yeye anajua ufunguo uko katika mfuko wa nani. Na ninyi wajane wapya, shikeni simu za waume zenu mikononi hata mkiwa mkekani, na ukoo ukasirike ukitaka.

Kadi ya Célestin iko hapa, ndani ya simu yangu. Wateja wake bado wanaipiga, wengine hawajapata hata habari ya msiba. Wanasema, "Allô, naweza kusema na mwenye duka?" Nami nawajibu: "Ndiye anayesema nawe, tata. Nikusaidie nini?"